Fundi Anajibu: Maji Yaliyomo Ndani ya Gari Yameingilia Wapi?

Barua zilizofika kwenye safu hii tangu masika ianze ni nyingi, na karibu zote zinazohusu magari ya spoti zina malalamiko ya namna moja: kapeti iliyolowa, harufu ya uvundo, vioo vinavyofunga ukungu asubuhi, na fundi ambaye jibu lake la kwanza ni raba mpya. Nimechagua chache ambazo majibu yake yanaweza kuwafaa na wengine. Atakayeona kwamba mwenzake nimemjibu kwa urefu na yeye kwa ufupi asidhani nimempuuza. Ni kwamba tatizo lake ndilo jepesi.

SWALI: Shikamoo, fundi. Nina Mazda Roadster ya mwaka 2001, ile yenye paa la turubai linalokunjwa, niliyoiagiza kutoka Japani. Ninaishi Capri Point, hapa Mwanza, na ninaliegesha chini ya mwembe kwa kuwa sina banda. Kila mvua inyeshapo usiku, asubuhi ninakuta kapeti ya mbele, upande wa dereva, imelowa chapachapa, ingawa turubai halina tundu wala halijachanika. Fundi mmoja ameniambia ninunue raba zote mpya, za milango na za juu ya kioo cha mbele, na bei aliyonitajia inakaribia mshahara wangu wa miezi miwili. Je, ninunue? (Msomaji wa Capri Point)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usitoe hata senti moja kwa ajili ya raba mpaka ujue maji yanaingilia wapi, kwa sababu kwa maelezo uliyoyatoa, raba ndiyo mshukiwa wa mwisho.

Watu wengi hudhani kwamba gari limetengenezwa lisipitishe maji kabisa na kwamba raba ndiyo inayoyazuia yote. Sivyo. Watengenezaji wanajua kwamba maji yatapenya kandokando ya kioo cha mlango, chini ya boneti na kwenye mishono ya turubai, kwa hiyo wameyaandalia njia za kutokea: matundu yaliyo chini ya milango, matundu yaliyo chini ya waipa, na mirija iliyofichwa ndani ya bodi. Raba hupunguza maji yanayoingia, lakini mirija ndiyo inayoyaondoa. Mirija ikiziba, raba mpya haitakusaidia kitu, kama vile bati zuri lisivyoisaidia nyumba ambayo mfereji wake umejaa majani na unamwaga maji ukutani.

Katika Roadster za vizazi viwili vya kwanza, yaani zile zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1989 hadi 2005, maji yanayoteremka nyuma ya turubai hupokewa na mfereji wa plastiki ulioshikizwa kwenye upindo wa chini wa turubai lenyewe, kisha huelekezwa kwenye pembe mbili zilizo nyuma ya viti, karibu na mihimili ya mikanda. Kila upande una tundu moja, na kutoka hapo maji hushuka ndani ya bodi hadi chini ya gari, mbele kidogo ya gurudumu la nyuma. Wewe unaegesha chini ya mwembe. Maua yake yanapukutika, vikonyo vinaanguka, vumbi la kiangazi linatua juu yake, na mvua ya kwanza inasukuma mchanganyiko huo wote kwenye tundu ambalo upana wake hauzidi wa kidole. Tundu likiziba, maji hupanda, hufurika nyuma ya kiti na kupita chini ya kapeti.

Utaniuliza: mbona kapeti iliyolowa ni ya mbele? Nami nitakuuliza: unapoegesha, pua ya gari inatazama wapi? Capri Point ni mlima, na gari lililoegeshwa likiinamia ziwani huyapeleka mbele maji yote yaliyoingilia nyuma. Jambo hili limewapoteza mafundi wengi wa mji huu wa miamba na miteremko, ambao huona maji miguuni pa dereva na kuanza kufungua dashibodi. Kabla ya kupima chochote, peleka gari mahali palipo sawa, kwa sababu maji hukusanyika mahali pa chini kabisa, popote yalipoingilia.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Kunja turubai nusu, inua zulia lililo nyuma ya viti, tafuta tundu la kila upande, kisha mimina kikombe cha maji polepole huku mwenzako akichungulia chini ya gari mbele ya gurudumu la nyuma. Maji yakitoka mara moja na kwa kasi ile ile unayomiminia, njia ni safi. Yakisita, yakitoka kwa matone au yakirudi juu, umepata jibu lako. Ili kuzibua, usitumie waya wa chuma, kwa maana utaukwaruza au kuutoboa mrija na kuyapeleka maji mahali pabaya zaidi. Usipulize pia kwa kompresa ukiwa juu, kwa sababu nguvu ya upepo huweza kuuchomoa mrija kwenye kiungio chake, ndani ya bodi, mahali ambapo mkono haufiki. Sisi wa kandokando ya ziwa tuna kifaa bora kuliko vyote viwili: mshipi mnene wa kuvulia sangara. Kata kama mita moja na nusu, unguza ncha yake kidogo kwa kiberiti ili iwe ya mviringo, uusukume taratibu huku ukiuzungusha, na mara kwa mara mimina maji ya uvuguvugu. Kitakachotoka ni tope jeusi lenye vikonyo vya maua na majani yaliyooza. Endelea hadi maji yatoke meupe.

Iwapo matundu yote mawili ni mazima na bado maji yanaingia, hapo ndipo utakapopima kwa mpira wa maji. Toa zulia la chini ili ulione bati lenyewe, lifute likauke, kisha linyunyizie poda ya watoto. Mwenzako akae ndani na tochi, milango na vioo vikiwa vimefungwa. Wewe anza kumwagia maji chini, kwenye kizingiti cha mlango, kwa mpira usio na ncha ya kurushia. Kaa hapo dakika chache, kisha panda hadi kwenye kioo cha pembeni, halafu pembe ya kioo cha mbele, na paa uliache liwe la mwisho. Ukianzia juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua ni wapi palipovuja. Tone la kwanza likiingia litachora mstari kwenye poda, na mstari huo ukiufuata kwa kurudi nyuma utakufikisha mlangoni mwake. Mashine ya presha ya kuoshea magari haifai kwa kazi hii, maana huyaingiza maji hata mahali ambapo mvua haijawahi kufika.

Kuna mambo mawili ambayo hukuyauliza lakini yanakuhusu. Kwanza, mirija ya Roadster ikikaa imeziba, maji hutuama ndani ya vizingiti vya bodi vilivyo chini ya milango, na kutu huanza kula kutoka ndani kwenda nje. Gonga kwa mpini wa bisibisi mbele ya gurudumu la nyuma. Ukisikia sauti nzito isiyolia, au ukiona rangi imevimba kama kijipele, lipeleke kwa fundi bodi mapema kabla hajalazimika kukata bati. Pili, betri ya gari lako imo ndani ya buti. Inua kapeti ya buti uangalie kama kuna maji, kwa sababu raba za taa za nyuma na raba ya mfuniko wa buti huchakaa bila kumpigia mwenyewe kelele, na kebo za betri zinazokaa penye unyevu huota ukungu wa kijani.

Kapeti iliyolowa usiianike juujuu tu. Chini yake kuna sifongo nene inayoshika maji kwa majuma, na hiyo ndiyo inayonuka. Viti vitolewe, kapeti iinuliwe yote, na sifongo ianikwe juani pande zote mbili. Ukiona chini ya kiti plagi ya waya yenye rangi ya njano, fahamu kwamba ni ya mfumo wa mifuko ya hewa au wa mikanda; ondoa waya hasi wa betri na usubiri dakika kadhaa kabla hujaigusa.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Gari langu ni Toyota 86 ya mwaka 2013. Ninapokwenda Magu, nikishapita Kisesa na kuongeza mwendo, ninasikia upepo ukipiga mluzi kwenye dirisha la dereva, na mvua ikinyesha kwa upepo, matone huangukia ukingo wa kiti. Tatizo lilianza mwezi uliopita, muda mfupi baada ya kubadilishiwa betri, lakini sidhani kama mambo hayo yanahusiana. (Msomaji wa Nyegezi)

JIBU: Salama, ndugu. Yanahusiana sana, na huenda usihitaji kununua chochote.

Kioo cha mlango wa 86 hakina fremu ya kukishikilia juu. Kikifungwa, hutegemea kuegemea raba iliyo kwenye bodi. Ili kiweze kuingia chini ya mdomo wa raba hiyo, kioo hushuka kidogo unapovuta kitasa na kupanda tena mlango unapofungwa. Fairlady Z zilizoanza kutoka mwaka 2002 nazo zina utaratibu huo. Betri ikiondolewa, kompyuta ya dirisha husahau mahali kioo kinapoishia, hivyo kioo kinaweza kukomea milimita chache chini ya raba, nawe usitambue kwa macho. Fungua mlango, tazama kama kioo kinashuka kidogo chenyewe. Kama hakishuki, au dirisha haliendi lenyewe hadi mwisho kwa kubonyeza swichi mara moja, fuata maelekezo ya kitabu cha gari ya kulifundisha upya. Kwa kawaida ni kukipandisha kioo hadi juu kabisa na kuendelea kuishikilia swichi kwa sekunde chache.

Baada ya hapo chukua ukurasa wa daftari, ukate kipande chembamba, ufunge mlango ukiwa umekibana kati ya kioo na raba, kisha ukivute. Kinapaswa kutoka kwa shida kidogo. Rudia kila baada ya upana wa kiganja, kuanzia kwenye kioo cha pembeni cha kutazamia nyuma hadi mwisho wa dirisha. Penye kulegea paweke alama ya chaki. Ikiwa pamelegea sehemu ya juu yote, kioo kiko chini au kimeegemea nje mno, na ndani ya mlango kuna boliti za kurekebishia urefu na mlalo wake. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye subira, kwani kugeuza boliti moja huharibu mkao wa upande mwingine. Ikiwa pamelegea mahali pamoja tu, hapo raba imelala. Raba iliyobanwa kwa miaka mingi hupoteza uwezo wa kurudi katika umbo lake, na hakuna mafuta yatakayoiamsha.

Kwa ule mluzi, nunua utepe wa karatasi wenye gundi wanaoutumia mafundi rangi, uubandike juu ya mwanya wote wa dirisha, halafu uende tena njia ile ile kwa mwendo ule ule. Mluzi ukinyamaza, bandua kipande kimoja kimoja hadi urudi. Kioo kikiwa kimekaa vizuri lakini mluzi upo, angalia raba nyembamba ya kwenye kioo cha pembeni, ambayo husahaulika.

SWALI: Pole na kazi, fundi. Mimi ni mama wa watoto wawili na gari ni la mume wangu, Nissan Fairlady Z ya mwaka 2004. Maji hujaa miguuni pa abiria hata siku ambazo hakuna mvua. Gereji wanataka kufungua paa lote la ndani. Je, ni sahihi? (Msomaji wa Pasiansi)

JIBU: Ahsante, mama. Waambie wasiguse paa. Maji yanayokuja bila mvua hayatoki mawinguni.

Kiyoyozi kinapofanya kazi kwenye hewa yenye unyevu kama yetu ya ziwani, hutoa maji mengi kwa saa moja, na maji hayo hushuka kwa mrija wa mpira unaotokea chini ya gari, karibu na ukuta unaotenganisha injini na abiria. Mrija huo ukiziba kwa vumbi au kwa kiota cha mdudu, maji hufurikia ndani, upande wa abiria. Waache injini ikiwaka na kiyoyozi kikifanya kazi kwa robo saa. Kama chini hapadondoki kitu, wazibue mrija kwa chini. Kabla ya hapo chovya kidole kwenye maji hayo. Yakiwa mepesi na hayana harufu, ni ya kiyoyozi. Yakiwa yanateleza, yana harufu tamu na kioo cha mbele kinafunga utando wa mafuta, basi ni maji ya redieta yanayovuja kwenye hita, na gari lisiendeshwe safari ndefu mpaka litengenezwe, kwa kuwa linaweza kuchemsha.

SWALI: Fundi, nilibadilishiwa kioo cha mbele cha Celica yangu ya mwaka 2000 baada ya kupigwa na jiwe. Kikaanza kuvuja pembe ya juu kushoto. Fundi aliyekiweka akapaka silikoni kuzunguka kioo chote. Kikavuja tena. Akapaka tena. Sasa ukingo mzima una silikoni nyeupe na bado maji yanaingia. Nimpelekee mara ya tatu? (Msomaji wa Musoma)

JIBU: Hapana, na ningeomba chupa ile ya silikoni ifungiwe kabatini na funguo zitupwe ziwani. Katika safu hii sijapata kukutana na kitu kilichoharibu magari mengi kwa nia njema kama silikoni ya kuzibia sinki.

Kioo cha mbele hushikiliwa na gundi ya yurethani, ambayo ni nyeusi, nzito, na ikikauka hubaki na unyumbufu wa mpira. Gundi hiyo si ya kuzuia maji peke yake. Inakifanya kioo kiwe sehemu ya uimara wa bodi, na katika magari mengi mfuko wa hewa wa abiria ukifumuka hukiegemea kioo hicho. Silikoni haina nguvu hiyo. Kibaya zaidi, aina inayonuka siki, ambayo ndiyo iliyojaa madukani, hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo ikikuta bati lililokwaruzwa wakati kioo cha zamani kilipokatwa, huanzisha kutu chini ya kioo. Tena mabaki yake hayapakiki rangi wala hayashikwi na gundi nyingine, ndiyo maana kila anayekuja nyuma huona njia rahisi ni kuongeza silikoni juu ya silikoni.

Zaidi ya hayo, maji yanayoonekana ndani kwenye pembe ya juu kushoto huenda yanaingilia kwingine kabisa, yakasafiri juu ya gundi hadi yakakuta mwanya. Kupaka nje kwa kubahatisha kunaweza hata kuyafungia maji ndani.

Kazi sahihi ni moja tu. Kioo kitolewe, silikoni yote ikwanguliwe kwa wembe hadi isisikike kwa kidole, kutu isuguliwe na bati lipakwe dawa ya kuzuia kutu na rangi ya msingi. Kisha ukingo wa kioo na wa bati upakwe praima ya yurethani, yaani dawa ya kuishikisha gundi, gundi ipakwe kwa mstari mmoja usiokatika, na kioo kikae mara moja bila kusukumwa huku na huko. Muda wa kukauka umeandikwa kwenye chupa ya gundi; uufuate, na ndani ya muda huo acha dirisha moja wazi kidogo, kwa sababu mlango ukibamizwa gari likiwa limefungwa kote, hewa hukisukuma kioo nje na kufungua njia ambayo hutaiona. Muulize fundi kabla ya kumpa kazi kama anatumia praima. Akikujibu kwamba haihitajiki, mshukuru na uende kwa mwingine.

SWALI: Fundi, nilipita Mabatini wakati Mto Mirongo ulipofurika. Subaru Impreza yangu imeshushwa, na maji yalifika kwenye vizingiti vya milango. Gari halikuzima. Kapeti zote zimelowa. Je, raba za milango ni mbovu? (Msomaji wa Buzuruga)

JIBU: Si lazima. Raba za milango zimetengenezwa kuzuia maji yanayoteremka, si yanayopanda. Maji ya mafuriko hupita pia kwenye vizibo vya sakafu, ambavyo ni vifuniko vya mpira vilivyo chini ya kapeti. Inua kapeti, uvihesabu, na kilichopotea au kulegea ununue kingine. Maji ya Mirongo ni machafu, hivyo sifongo iliyoyanywa ioshwe kwa maji safi na sabuni, au itupwe. Halafu kamwone fundi wa gia: oili ya giaboksi na ya difu ikionekana imekuwa nyeupe, imeingiwa na maji na inamwagwa siku hiyo hiyo. Plagi za umeme zilizo chini ya viti zifunguliwe zikaushwe, betri ikiwa imetolewa waya.

SWALI: Mpendwa fundi, nimenunua RX-8 yenye raba ambazo bado ni nzima. Ninataka zidumu. Rafiki mmoja anapaka mafuta ya mgando, mwingine oili chafu, na mwosha magari anapaka dawa ile ile ya kung'arishia matairi. Nani yuko sahihi? Na zikichakaa, ninunue za kukata kwa mita? (Msomaji wa Buhongwa)

JIBU: Hakuna aliye sahihi kati ya hao watatu, na mwenye oili chafu ndiye aliyepotea zaidi.

Raba nyingi za milango ya magari ya kisasa ni za mpira uitwao EPDM. Mpira huu huvumilia jua, mvua na joto kwa miaka mingi, na weusi wake ni wa kaboni iliyochanganywa kwa makusudi ili kuukinga na miale ya jua. Udhaifu wake ni mmoja: hauelewani na mafuta yanayotokana na petroli. Ukiupaka oili ya injini, dizeli au mafuta ya mgando, utang'aa siku hiyo, kisha taratibu utavimba, utalainika na kupoteza umbo. Fundi yeyote aliyewahi kuona raba za breki zilizovimba baada ya mtu kujaza oili ya injini kwenye chupa ya mafuta ya breki anaelewa ninachokisema, kwa maana raba zile kwa kawaida ni za mpira wa jamii hiyo hiyo. Dawa za matairi nazo nyingi huwa na viyeyusho vya petroli.

Kinachofaa ni grisi safi ya silikoni, ambayo haihusiani na ile silikoni ya kuzibia niliyomlalamikia msomaji wa Musoma. Kwanza osha raba kwa maji na sabuni laini, ukifunua mdomo wake kwa kidole, kwa sababu uchafu hujificha kwenye mkunjo. Hapa kwetu uchafu huo ni mchanga mwembamba wa mawe, unaosaga raba kila mlango unapofungwa, na baada ya yale mawingu ya wadudu wa ziwani utakuta pia mizoga yao imegandia humo. Kausha kabisa. Paka grisi kidogo kwa kitambaa, kiasi cha kuacha weusi na si utelezi, kisha futa iliyozidi. Mara moja kila baada ya miezi mitatu inatosha, na moja ya mara hizo iwe mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mvua za vuli. Ukitumia ya kupuliza, pulizia kwenye kitambaa, si kwenye gari. Silikoni iliyorukia bodi humtesa fundi rangi baadaye, kwa kuwa rangi mpya hukataa kukaa juu yake na hufanya vitundu.

Katika RX-8 uangalie kwa makini mahali mlango wa mbele unapokutana na ule mdogo wa nyuma unaofunguka kinyume, kwa kuwa hapo raba hukutana na raba nyingine badala ya bati, na zote mbili zinapaswa kuwa safi. Vua pia taa za nyuma mara moja kwa mwaka uone hali ya raba zake. Maji yanayokutwa kwenye shimo la tairi la akiba mara nyingi hupitia huko.

Vilevile usimruhusu fundi wa redio au wa dirisha afungue mlango na kuchana ile nailoni iliyogundishwa nyuma ya pambo la ndani. Wengi huiona kama karatasi ya kufungashia na kuitupa. Kazi yake ni kuyarudisha chini ya mlango maji yanayoteremka na kioo. Isipokuwepo, yanaingia kwenye kapeti, na lawama yote inaangukia raba. Ikichanika, ikatwe nyingine kutoka kwenye nailoni nzito na ibandikwe kwa gundi nyeusi ya butili.

Kuhusu kununua, raba ya asili iliyotengenezwa kwa ajili ya mlango wako ina pembe zilizokunjwa kiwandani na unene unaobadilika kutoka mahali hadi mahali. Ya mita ina unene mmoja mwanzo hadi mwisho. Ninaikubali kwenye boneti, na kwenye buti kwa shingo upande, lakini mlangoni ninaikataa: ikiwa nyembamba itavuja, na ikiwa nene itausukuma mlango nje, utalazimika kuubamiza, na bawaba zitaanza kulegea. Raba iliyotumika kutoka kwenye gari lililokatwa Japani ni bora kuliko mpya ya mita, mradi uibonyeze kwa vidole na kuiona inarudi upesi.

Siku ya kuiweka, itoe kwenye boksi asubuhi na uilaze juani ili mikunjo ifunguke. Kwangua gundi ya zamani yote. Anza na pembe, zikae sawasawa, kisha bonyeza sehemu zilizonyooka bila kuivuta. Raba iliyovutwa wakati wa kuwekwa hurudi baada ya siku chache na kuacha mwanya kwenye kiungio. Kiungio chenyewe kiwe chini, si juu. Mlango utafunga kwa ugumu mwanzoni, na hilo ni la kawaida; uache umefungwa usiku kucha mara kadhaa. Iwapo baada ya majuma mawili bado unahitaji kuubamiza, usiruhusu mtu akirekebishe kile chuma kinachoshikwa na kitasa ili kuulazimisha mlango, bali irudishe raba dukani pamoja na boksi lake, kwa maana umeuziwa ya gari jingine.